Hotuba ya msimamizi wa bwana harusi: dakika 5 niseme nini?

Swali
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Mwezi ujao mimi na mke wangu tutawasimamia rafiki yangu na mchumba wake huko Moshi, na kamati imenipa dakika 5 za kutoa nasaha ukumbini baada ya keki kukatwa. Bwana harusi nilikaa naye chumba kimoja chuoni kwa miaka 3, hivyo mambo yake mengi nayajua, yakiwamo ya wachumba waliotangulia, ambayo marafiki wananihimiza niyataje ili watu wacheke. Moyo wangu unasita. Naombeni ushauri.

Jibu la kwanza
Ndugu, usiyataje kabisa. Ukumbini watakuwamo wakwe, mashangazi na pengine mchungaji aliyefungisha ndoa, na kicheko cha meza moja ya marafiki hakifidii aibu ya meza kuu nzima. Mimi ni mshereheshaji, na hotuba nyingi nilizoziona zikiharibika ni zile ambazo msemaji alianza kuzitunga akiwa ameshashika kipaza sauti. Dakika 5 ni maneno yapatayo 500 tu ukizungumza kwa utulivu, na salamu pekee zaweza kumaliza dakika nzima. Kwa hiyo kubaliana mapema na mshereheshaji wenu kwamba yeye ndiye atakayewatambua wazazi na viongozi, ili wewe useme "itifaki imezingatiwa" na kuendelea. Kisha simulia tukio moja ulilolishuhudia mwenyewe.

Jibu la pili
Katika harusi yangu msimamizi alimsifu mume wangu vizuri sana, lakini jina langu hakulitaja hata mara moja, na mama yangu, aliyeketi hatua chache kutoka kwake, aliinamisha uso akawa anakunjakunja pembe ya kitambaa cha meza. Hadi leo sijasahau. Kaka, zungumza na maharusi wote wawili, kwa kuwa wakikorofishana ninyi wasimamizi ndio mtakaogongewa mlango kwanza, na uwaeleze wazazi wa binti mtoto wao anakwenda kuishi na mtu wa namna gani.

Muuliza swali
Nawashukuru sana. Nimekumbuka usiku mmoja nilipougua malaria chuoni: alinikorogea uji, na kwa kuwa sukari ilikuwa imekwisha, aligonga vyumba vya wenzetu mpaka akapata vijiko viwili. Hilo ndilo nitakalowaeleza wakwe zake. Kesho jioni mke wangu atanisikiliza, saa ikiwa mkononi.