UZI: Tamthilia ya mchana imehamishwa saa, imekatwakatwa, sasa inarushwa shaghalabaghala

Assalamu aleikum wadau wa Amu, Shela, Matondoni na kote kunakoshika kituo hiki. Jina silitaji; anayekitazama mchana anakijua.

Tamthilia ya Kimarekani ya nusu saa imetolewa saa nane u nusu ikapelekwa saa kumi kasorobo, bila tangazo hata la siku moja. Saa nane u nusu watu wameshaswali adhuhuri, wamekula, vyombo vimeoshwa na alasiri bado iko mbali. Saa kumi kasorobo ndiyo adhana. Nani katika mitaa yetu ya Langoni au Mkomani atakaa mbele ya runinga wakati huo? Na watu wakipiga simu wanajibiwa kwamba hicho ni kipindi cha kujazia mchana tu.

Kujazia! Anayesema hivyo hajui kazi anayolipwa kuifanya. Idara ya mchana ya CBS, mtandao wa runinga kule Marekani, ilisimama kwa pesa za sabuni. Procter & Gamble, watengenezaji wa sabuni, waligharamia tamthilia kwa sababu mnunuzi wa sabuni yuko nyumbani saa hizo. The Guiding Light ilianza redioni 1937, ikaingia runinga ya CBS 1952 kwa dakika 15 tu kila kipindi. Tarehe 2 Aprili 1956 As the World Turns na The Edge of Night zilianza siku moja, kila moja nusu saa. As the World Turns iliendelea kuigizwa moja kwa moja hewani mpaka 1975, mwigizaji akisahau maneno nchi nzima inaona. Vipindi vya mchana hutengenezwa kwa gharama ndogo na hubeba matangazo mengi, kwa hiyo kwa miaka mingi faida yake ndiyo iliyolipia vipindi ghali vya usiku.

Kuhusu kuhamisha saa, waulizeni The Edge of Night iliishia wapi. Ilikuwa hadithi ya uhalifu na mahakama, na wengi walioipenda walikuwa wanafunzi na wafanyakazi waliowahi kufika nyumbani. Mwaka 1972 CBS waliirudisha kutoka saa tisa u nusu hadi saa nane u nusu, kwa sababu mfadhili alitaka tamthilia zake zifuatane. Saa moja tu, na watazamaji wakapukutika. Mwaka 1975 ikahamia mtandao mwingine, ABC, vituo vya mikoani vikawa vinaiacha kimoja baada ya kingine, na Desemba 1984 ikafa. Sisi tumesogezewa saa moja na robo.

Mpangilio nao ni aibu. Juzi fundi wa kurusha vipindi alisahau kukata kile kibao cheusi kinachotangulia kila faili, chenye namba ya sehemu na muda wake. Kilisomeka 1000. Mara iliyofuata 1001. Kisha 998! Mtu aliyezikwa kwenye 1000 tukamwona kitandani anaugua. Sababu yake ni nyepesi: kompyuta ikipanga majina ya mafaili kama maneno, 1 huja kabla ya 9, kwa hiyo 1000 inaitangulia 998. Dawa ni kuandika 0998, 0999, tarakimu nne kwa zote, kisha mtu afungue kila faili asome kibao kabla ya kuliingiza kwenye orodha ya siku. Ni kazi ya dakika tano.

Halafu makato. Sehemu ya nusu saa ina takribani dakika 20 za mchezo. Hufungua kwa onyesho fupi, kisha vipande, na kila kipande huishia kwenye weusi wa muda mfupi. Hapo ndipo pa kuweka tangazo. Hawa wanalitia katikati ya sentensi, mtu hajamaliza kusema "mtoto huyu ni wa...", kisha ili kufidia muda wanakata onyesho la mwisho. Onyesho la mwisho la Ijumaa limeandikwa makusudi libebe watu mpaka Jumatatu. Ukilikata, Jumatatu inaanza kwa jibu la swali ambalo hakuna aliyelisikia.

Na siku zimepunguzwa kutoka tano hadi mbili. Tamthilia za namna hii hutoa sehemu zipatazo 250 kwa mwaka. Kwa mbili kwa wiki, mwaka mmoja wa hadithi utatuchukua wiki 125, karibu miaka miwili na nusu.

Tunachotaka: saa nane u nusu, siku tano. Kama saa hiyo imeshauzwa, basi Jumamosi asubuhi warudie zote tano mfululizo. Ni dakika 100 bila matangazo. Mkipiga simu msiseme tu "kipindi kimeharibika". Tajeni tarehe, saa, namba ya sehemu kama mmeiona, na maneno yaliyokatwa na tangazo.

NYONGEZA: Kuna aliyejibu kwamba tamthilia hizi zimekufa hata huko kwao. Ni kweli The Guiding Light ilifungwa 18 Septemba 2009 na As the World Turns 17 Septemba 2010. Lakini The Young and the Restless ya 1973 na The Bold and the Beautiful ya 1987 zipo bado, na tarehe 24 Februari 2025 CBS haohao walianzisha mpya ya mchana, Beyond the Gates. Hakuna anayeanzisha tamthilia mpya ya kila siku kwa ajili ya kujazia.

Aliyeona sehemu ya 999 aandike hapa ilitoka siku gani. Mpaka sasa hakuna aliyeiona.