pH ya tangi la matumbawe inashuka usiku hadi 7.7

Swali: Tangi lita 300, alkalini (uwezo wa maji kuzuia asidi) 8.5 dKH, kalsiamu 420 mg/L. pH jioni 7.95, alfajiri 7.7. Chumba kina kiyoyozi, madirisha hufungwa muda wote. Niongeze soda ya kuokea?

Jibu 1: Usiongeze. Alkalini yako iko sawa. Soda ya kuokea itaipandisha bure, na pH yenyewe haitasogea. Ninachoshuku ni kaboni dioksidi, ambayo ikizidi kwenye maji hushusha pH. Sawazisha kwanza kipimo cha pH kwa myeyusho wa pH 7 na wa pH 10. Kisha chota lita moja, ipeleke nje, ipulizie kwa pampu ya hewa saa moja, upime tena.

Muulizaji: Nje imefika 8.2.

Jibu 1: Basi ni hewa ya chumbani. Toa mpira wa hewa wa skima (kifaa kinachoondoa uchafu kwa mapovu) mpaka nje ya dirisha. Usiwe mwembamba, la sivyo mapovu yatapungua. Uwe mbali na jenereta, na uuchomoe wakipuliza dawa ya mbu.

Jibu 2: Ikibaki chini, tumia maji ya chokaa: kalsiamu hidroksidi safi gramu 1.5 kwa lita ya maji yaliyochujwa kwa RO (chujio la utando linaloondoa chumvi). Funika, yatuame, tumia yale maangavu ya juu tu. Dondosha polepole usiku, kiasi kisizidi maji yanayopotea kwa mvuke. Ukiyamimina kwa mkupuo pH itapaa na kalsiamu itaganda kwenye pampu. Chokaa ya kupaka ukuta haifai kabisa, ina uchafu.