Kuunganisha madarasa ya Zoom na Moodle pamoja na malipo ya M-Pesa

Mwalimu wa Jioni, Kisumu

Hamjambo wanajukwaa. Ninasimamia masomo ya jioni katika chuo kidogo hapa Kisumu ambacho huwafunza makarani wa vyama vya ushirika kazi ya uwekaji hesabu. Wengi wa wanafunzi wetu wako mbali na mji, kuanzia Ahero na Bondo hadi Mumias na Busia, kwa hiyo darasa la saa mbili usiku hufanyika kwa Zoom, ambako tuna akaunti ya kulipia, ilhali masomo na mazoezi yamewekwa kwenye Moodle, mfumo wa kusomea mtandaoni. Mifumo hii miwili haijuani hata kidogo. Karani wetu hunakili kiungo cha darasa kila juma na kukituma katika kundi la WhatsApp, nacho husambaa mpaka kwa watu tusiowajua. Mahudhurio huandikwa kwa kusoma majina yaliyo kwenye skrini, na hapo utakuta watatu wanaoitwa “Galaxy”, na “Mama Junior” mmoja ambaye hakuna anayemtambua. Karo hulipwa kwa Paybill ya M-Pesa, na aliyelipa asubuhi huenda akakosa darasa la usiku kwa sababu tu taarifa ya malipo haikusomwa mapema.

Ningependa mwanafunzi akishalipa aruhusiwe kuingia darasani na mahudhurio yake yahifadhiwe, bila mtu kunakili chochote. Tunaye kijana mmoja anayeandika programu kwa lugha ya PHP, ila muda wake ni mchache. Tuanzie wapi?

Fundi wa Njoro

Salamu kutoka Nakuru, Mwalimu. Kabla kijana wenu hajaandika mstari wowote, amueni ni mfumo upi unaoshika orodha rasmi ya wanafunzi. Matatizo yote uliyoyataja, la kiungo, la mahudhurio na la karo, chanzo chake ni kwamba orodha hiyo haina mwenyewe. Mimi ningeikabidhi Moodle. Zoom imkubali yule tu aliyetumwa na Moodle, na M-Pesa ibaki na kazi moja ya kuiarifu Moodle kwamba fulani amelipa.

Kwa upande wa Zoom hamna haja ya kuandika programu. Katika hifadhi ya plagini za Moodle, yaani programu ndogo za nyongeza, kuna plagini ya Zoom isiyolipiwa. Msimamizi wa akaunti yenu ataingia Zoom Marketplace, ukumbi wa programu za Zoom, ataunda programu ya aina ya Server-to-Server OAuth, inayoiwezesha seva yenu kutambuliwa na Zoom, kisha atabandika vitambulisho vyake vitatu kwenye mipangilio ya plagini. Mkikutana na maelekezo ya zamani yanayotaja JWT, njia nyingine ya kutambuliwa na Zoom, yaacheni, kwani Zoom iliiondoa njia hiyo mwaka 2023. Plagini ikishaunganishwa, mwalimu hupanga darasa akiwa ndani ya Moodle, na mwanafunzi aliyekwisha kuingia kwa jina lake hubonyeza kitufe na kufika darasani. Hakuna tena kiungo cha kutuma WhatsApp. Hakikisheni kron ya Moodle, yaani kazi zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba, inafanya kazi, maana ripoti za mahudhurio huletwa nayo, na wekeni saa za seva ziwe za Africa/Nairobi, la sivyo darasa la saa mbili usiku linaweza kuandikwa saa kumi na moja jioni.

Kazi halisi ya kijana ni upande wa malipo. Paybill yenu ikisajiliwa kwenye Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha M-Pesa na programu nyingine, kila malipo yatatumwa kwa anwani ya seva yenu yakiwa na namba ya muamala, kiasi, na namba ya akaunti aliyoiandika mlipaji. Msijaribu kumtambua mwanafunzi kwa namba ya simu. Siku hizi taarifa hiyo hufika ikiwa na namba ya simu iliyofichwa, na hata kama ingekuwa wazi, karo ya watu wetu hulipwa mara nyingi na mume, dada au mjomba. Mwanafunzi aandike namba yake ya usajili kwenye nafasi ya akaunti, na namba hiyo hiyo iwe kwenye wasifu wake wa Moodle. Programu ya kijana ikiipata, huita huduma ya Moodle iitwayo enrol_manual_enrol_users, na mtu huyo huwa ameandikishwa. Hifadhini namba ya muamala ya kila malipo, ili taarifa ikifika mara mbili isihesabiwe kuwa karo mbili.

Mhasibu, Kakamega

Ninaunga mkono ya Fundi, ila msiyapime mahudhurio kwa idadi ya kuingia. Mtandao wa vijijini hukatika, na mtu mmoja anaweza kuonekana ameingia mara tano usiku mmoja. Jumlisheni dakika zake zote. Waambieni pia wazime kamera. Kwa makadirio ya Zoom yenyewe sauti pekee hutumia kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, kwa hiyo darasa la sauti tupu linalochukua muda wa saa mbili halifiki megabaiti 75 za bando, jambo ambalo ni afueni kubwa kwa karani anayelipia intaneti mwenyewe.

Kuna pia BigBlueButton, mfumo wa madarasa ya video kama Zoom, ambayo imo ndani ya Moodle tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022. Seva ya bure inayokuja nayo huishia watu 25 na dakika 60, na kuendesha yenu wenyewe kunataka mashine yenye kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti 16. Kwa chuo chenye akaunti ya Zoom tayari, sioni sababu ya kuhama.

Mwalimu wa Jioni, Kisumu

Asanteni sana. Nina wasiwasi mmoja: wapo watakaokosea namba ya usajili wanapolipa. Itakuwaje?

Fundi wa Njoro

Daraja ina hatua ya uhakiki kabla pesa hazijapokelewa. Iombeni Safaricom iwawashie, kwa sababu haiji yenyewe. Seva yenu huulizwa kama namba hiyo ipo. Ikijibu kwamba haipo, malipo hukataliwa na pesa hubaki kwa mlipaji. Wakati wa kusajili anwani mtatakiwa kusema kitakachofanyika seva isipojibu, na hapo chagueni malipo yakamilike. Umeme ukipotea Kisumu jioni ya siku ya karo, ni afadhali karani akute malipo machache ya kulinganisha asubuhi kuliko wanafunzi wote kurudishiwa pesa zao saa moja kabla ya darasa.