Kamera za ulinzi kwa nyumba iliyo karibu na bahari, Shangani Mtwara: ninunue aina gani na nizifunge wapi?

Mkazi wa Shangani

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha, kwa sababu kila duka nililoingia hapa mjini limenipa jibu linalolingana na mzigo ulioko kwenye rafu zake.

Nyumba iko Shangani, upande unaopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja, hasa wakati wa kusi. Kuna ukuta wa tofali na geti lenye mlango mdogo wa watu, na kutoka getini hadi kibarazani ni mita 12 hivi. Nyuma kuna ua na stoo ambamo, msimu wa korosho ukifika, huwa tunaweka magunia kwa muda mfupi kabla ya kuyapeleka chama cha msingi. Wanaoishi hapo ni mama yangu mzazi na wajukuu zake, na mimi kuanzia Oktoba kazi hunipeleka Newala na Tandahimba, kwa hiyo ningependa kuona nyumbani kupitia simu.

Nimeonyeshwa aina tatu: kamera nne za waya pamoja na mashine yake ya kurekodia, kamera za Wi-Fi zinazohifadhi picha kwenye memori kadi, na kamera ya sola inayotumia laini ya simu. Muuzaji mmoja amenisisitizia kwamba nitazame megapikseli tu (mamilioni ya vidoti, yaani pikseli, vinavyounda picha), mengine ni maneno. Je, ni kweli? Na umeme ukikatika, kinachobaki kinafanya kazi ni kipi?

Fundi wa Ligula

Ndugu yangu, kabla ya kuchagua aina ya kamera, amua kwanza unataka picha ikuambie nini. Kuona kwamba kuna mtu ameingia ni jambo moja, na kuijua sura yake ni jambo jingine kabisa, na wateja wengi huja kulitambua hilo siku ya tukio, wanapokuza picha na kukuta uso umekuwa vijiraba vya rangi.

Kuna kiwango cha kimataifa, IEC 62676-4, kinachopima jambo hili kwa pikseli zinazoangukia kila mita ya upana wa eneo linalotazamwa. Ili kumtambua mtu usiyemjua kwa uhakika zinahitajika pikseli 250 kwa mita. Kumtambua mtu unayemfahamu, 125. Na kuona tu mwenendo na mavazi yake, 62 hivi. Sasa chukua kamera ya kawaida ya megapikseli 2, ambayo picha yake ina upana wa pikseli 1920, yenye lenzi pana ya milimita 2.8 inayotazama pembe ya nyuzi 100 hivi. Ukiifunga kibarazani na kuielekeza getini, kwa umbali wa mita 12 itakuwa inatazama eneo lenye upana wa zaidi ya mita 28. Gawanya mwenyewe: unapata pikseli 67 kwa mita. Utaona kwamba aliyeingia amevaa shati jeupe, basi.

Kwa hiyo muuzaji wako amesema nusu ya jambo. Megapikseli zina maana zikienda pamoja na lenzi na umbali. Kwa nyumba yako zipo njia mbili. Ya kwanza ni kufunga kamera ya lenzi pana karibu na geti lenyewe, upande wa ndani, ili mtu anayepita kwenye mlango mdogo awe mita 3 tu kutoka kwenye lenzi. Ya pili ni kuiacha kamera kwenye nyumba lakini uchague ya megapikseli 4 yenye lenzi ya milimita 8, ambayo kwa mita 12 inatazama upana wa mita 8 au 9 na kukupa karibu pikseli 300 kwa mita. Mimi ninapendelea ya pili, kwa kuwa kamera iliyo getini inafikiwa kwa mkono au kwa jiwe. Zilizobaki, yaani ya uani na ya stoo, zinaweza kuwa za lenzi pana, maana huko kazi yake ni kukuonyesha mwendo.

Urefu uwe mita 2.5 hadi 3. Watu hupenda kuzipandisha juu kabisa kwenye kenchi wakidhani ndiyo usalama, halafu wanarekodi kofia.

Kuhusu aina, kwa nyumba ya kudumu ninashauri waya. Kamera zinazotumia kebo ya mtandao hupokea umeme na kupeleka picha kwenye kebo hiyo hiyo moja hadi umbali wa mita 100, na swichi inayozilisha umeme ikiwa kwenye betri, zote zinabaki hai kwa pamoja. Zile za kizamani kidogo, za kebo ya koaksia kama ile ya antena ya televisheni na mashine ya kurekodia iitwayo DVR, nazo zinafaa na bei yake ni nafuu, ila waya wa umeme wa volti 12 ukiwa mrefu na mwembamba, volti hushuka njiani: mchana kamera inafanya kazi vizuri, usiku taa zake za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) zikiwaka inaanza kuzima na kuwaka. Wateja hulaumu kamera, kumbe ni waya. Na ukinunua kebo ya mtandao, kwangua ncha yake kwa kisu. Kama ndani ni nyeupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na kwa hewa yetu ya chumvi haitadumu.

Kamera za Wi-Fi si mbaya, lakini nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na kuta mbili za tofali zinatosha kuzidhoofisha. Isitoshe, hata hiyo isiyokuwa na waya wa mtandao bado inahitaji waya wa umeme.

Mstaafu wa Lindi

Marahaba, mwanangu. Fundi amelieleza vyema suala la lenzi, nami nitajikita kwenye umeme na hifadhi, kwa kuwa huko ndiko mifumo mingi ya huku kusini inakoshindwa.

Hesabu ya umeme si ngumu. Kamera nne zikiwa zimewasha taa za usiku hutumia wati 20 hivi kwa jumla, mashine ya kurekodia wati 15, ruta wati 10; jumla wati 45. Kile kiboksi cha UPS, yaani cha kushikilia umeme unapokatika, kinachouzwa pamoja na kompyuta, chenye betri ndogo ya ampea-saa 7, kitakushikilia kwa saa moja au zaidi kidogo. Hicho kinafaa kwa umeme unaokatika na kurudi, lakini hakifai kwa usiku mzima wa giza, ambao ndio usiku anaoungoja mwizi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya asidi, usiitumie zaidi ya nusu, na ukitoa upotevu wa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa soketi) utapata saa 10 hadi 12. Ya lithiamu yenye ukubwa huo itakupa zaidi ya saa 16. Ruta usiisahau, ndugu yangu. Watu huiwekea betri mashine ya kurekodia na kuiacha ruta kwenye soketi ya kawaida, kisha wanashangaa kwa nini simu haioni chochote.

Upande wa hifadhi, kamera moja ya megapikseli 2 inayobana picha kwa mfumo wa H.265 hutumia kiasi cha megabiti 2 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 21 na ushee kwa siku. Kamera nne ni gigabaiti 86. Diski ya terabaiti 1 itakuwekea siku 11 kabla ya kuanza kufuta za zamani, na ya terabaiti 2 itakuwekea mara mbili ya hizo. Hiyo ya megapikseli 4 itakula zaidi, kwa hiyo wewe unayekaa Newala kwa majuma nenda moja kwa moja kwenye terabaiti 2, na uchukue diski iliyotengenezwa kwa kazi ya kamera, kwa sababu diski ya kawaida ya kompyuta haikukusudiwa kuandika usiku na mchana bila kupumzika.

Neno moja kuhusu zile zinazohifadhi picha kwenye seva za kampuni ughaibuni kwa malipo ya kila mwezi. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya nchi yetu ikadorora. Mwenye kamera inayotegemea seva ya mbali pekee alibaki na kioo chenye alama ya kusubiri inayozunguka. Mwenye diski nyumbani alikosa kutazama akiwa mbali, lakini picha zake ziliendelea kurekodiwa. Mwezi huo huo kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam wilayani Kilwa, na vipuri vyetu vingi hupita hapo. Nunua adapta moja ya akiba na uiweke kabatini.

Mama Korosho, Masasi

Ninawaheshimu kaka fundi na mzee wetu, lakini msiidharau kamera ya sola ya laini. Ninayo kwenye banda la shamba ambako hakuna nguzo ya umeme hata moja inayoonekana, na inanitosha. Siri yake ni kutoiachia irushe picha muda wote. Kutazama moja kwa moja kwa megabiti 1 kwa sekunde kunakula karibu nusu gigabaiti kwa saa, na bando linakwisha ukiwa bado unaangalia mbuzi wa jirani. Nimeiweka irekodi kwenye memori kadi pale tu panapokuwa na mwendo wa binadamu, na initumie taarifa. Hasara yake ni kwamba huwa inasinzia ili kuokoa betri, hivyo sekunde ya kwanza au mbili za tukio mara nyingine hazimo.

Kwa nyumba ya Shangani yenye umeme, nisingeitegemea peke yake. Kwa ile stoo, kama kupitisha waya ni kazi, fikiria.

Jambo jingine ni mvua za kwanza. Kumbikumbi wakitoka hufuata mwanga, na buibui nao hujenga utando mbele ya lenzi kwa sababu wadudu wapo hapo. Simu yako italia usiku kucha. Mpe kijana mmoja wa nyumbani kazi ya kupitisha ufagio mara kwa mara.

Karani wa Mahakama

Ninaongeza kwa ufupi upande wa sheria. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani hapa Tanzania. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaeleza kwamba uzito wake hupimwa kwa kuangalia uaminifu wa namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotunzwa bila kuchezewa. Maana yake kwako ni kwamba tukio likitokea usirekodi kioo kwa simu na kusambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Toa faili halisi kutoka kwenye mashine, uweke nakala, na uandike nani aliitoa na lini.

Hakikisha pia saa ya mashine iko sahihi. Nyingi hufika zikiwa na saa ya Beijing, iliyo mbele ya yetu kwa saa 5, na wizi wa saa nane usiku utasomeka kwamba ulifanyika saa moja asubuhi, wakati ambao mtuhumiwa ana mashahidi kumi wa kusema alikuwa kwenye supu.

Kamera zisitazame ndani ya ua au madirisha ya jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na hata pasipo sheria, ujirani wenyewe unatosha kuwa sababu. Mashine nyingi zina sehemu ya kufunika kwa rangi nyeusi eneo usilotaka lirekodiwe.

Mkazi wa Shangani

Ninawashukuru sana. Nimeelewa kwamba nitafunga za waya, ya getini iwe ya lenzi ya milimita 8. Yamebaki mawili. Chumvi ninaikabili vipi? Na mama hataki kamera ya kibarazani. Anasema wageni wake hukaa pale jioni na hawezi kuwapokea huku anarekodiwa.

Mama Korosho, Masasi

Mama yuko sahihi, mwanangu. Kibarazani ndipo nyumba yake ilipo. Ya getini ikishamwona kila anayeingia, ya kibarazani inaongeza nini? Na hizo za nje, muulize pia kama anapenda sauti zirekodiwe. Kuzima kipaza sauti ni kugusa kitufe kimoja. Kisha mfundishe kuzitazama yeye mwenyewe kwenye televisheni, kwa kuwa mlango ukigongwa usiku yeye ndiye aliye karibu, si wewe uliye Tandahimba.

Fundi wa Ligula

Ninakubaliana na mama. Kamera ikae kwenye pembe ya nyumba, mbali na kibaraza, itazame geti tu.

Kuhusu chumvi, tafuta kamera yenye alama ya IP66 au IP67, lakini ujue kwamba alama hiyo inahusu vumbi na maji. Haisemi lolote kuhusu kutu. Kinachoharibika kwanza ni viungio vya waya, wala si kamera. Kila kiungio kiingie ndani ya kiboksi cha plastiki kilichofungwa kwa mpira, kisiachwe kikining'inia chini ya paa kama ninavyokiona kwenye nyumba nyingi za ufukweni. Skurubu ziwe za chuma cha pua. Kebo ipite ndani ya bomba, na kabla ya kuingia kwenye kiboksi ipindwe kwenda chini ili maji yadondoke nje. Kioo cha lenzi kifutwe kwa kitambaa laini chenye maji baridi yasiyo na chumvi. Ukikifuta kikavu, chumvi itakikwaruza, na usiku mwanga wa infraredi utatawanyika hadi picha iwe ukungu. Vilevile usiifunge kamera ikigusana na ukuta uliopakwa chokaa nyeupe pembeni, maana mwanga huo huo hurudi kwenye lenzi.

Fundi akimaliza, kabla hajaondoka, badilisha nywila mbele yake na uichague wewe. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka vifaa vingi sana duniani, zikiwemo kamera, kwa kujaribu tu orodha ya nywila za kiwandani. Akikwambia anataka kufungua milango ya ruta (njia za mtandao zinazoruhusu watu wa nje kuingia) ili uone ukiwa mbali, mkatalie. Programu ya simu ya mashine yenyewe inatosha kwa matumizi yako. Halafu zima umeme kwenye mita mbele yake, uende getini usiku taa zikiwa zimezimwa, utembee hadi mlangoni kwa mwendo wa kawaida, na urudi mtazame pamoja kama uso wako unasomeka. Usipotambulika, fedha ya mwisho isitoke mpaka arekebishe.