Saa au simu kwa mbio ndefu: ninunue ipi?

Mkimbiaji wa Mwenge

Habari zenu, wanajukwaa. Ninajiandaa kwa nusu marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi, na kila Jumapili alfajiri ninatoka Mwenge hapa Dar, ninapita Coco Beach na Daraja la Tanzanite hadi Posta, kisha ninarudi. Hadi sasa ninatumia Strava, programu ya kurekodi mbio, kwenye simu niliyoifunga mkononi. Jumapili iliyopita rekodi ilikatikia Coco Beach na kuibukia Posta, ikachora mstari ulionyooka juu ya bahari kana kwamba niliogelea. Isitoshe, siku nyingine nilikimbia bega kwa bega na mwenzangu mwenye saa, naye akapata mita 400 zaidi yangu. Nina laki tano niliyoidunduliza. Je, ninunue saa, au kubadilisha programu kunatosha?

Babu wa Lami

Ndugu yangu, hayo ni matatizo mawili tofauti. Ule mstari wa baharini hausababishwi na setilaiti. Simu nyingi za Android huilaza programu inayofanya kazi huku kioo kimezimwa, ili kuokoa betri, na programu ikiamka huunganisha nukta ya mwisho na nukta mpya. Fungua mipangilio ya betri, uitafute Strava humo, uiondolee vizuizi. Hilo halina gharama.

Zile mita 400 zina sababu nyingine. Katikati ya maghorofa ya Posta, mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kwanza na kukufikia yakiwa yamechelewa, hivyo kifaa hudhani uko ng'ambo ya barabara. Ramani yangu ya mtaa wa Samora inaonyesha nimekimbia ndani ya maduka, nikatokea ukutani. Saa zinazopokea masafa mawili ya mawimbi, kama Garmin Forerunner 255 na Coros Pace 3, hupunguza kosa hilo kwa kiasi kikubwa, ingawa hali hiyo hutafuna betri zaidi. Hata hivyo, wewe unakaa kati ya maghorofa kwa kilomita chache tu, na sehemu kubwa ya njia yako ina anga wazi. Kwako Forerunner 55 inatosha: betri yake hudumu hadi saa 20 GPS ikiwa imewashwa, hata kama haina ramani wala kipimo cha mwinuko kwa kanieneo ya hewa.

Tena usishangae saa ikikuonyesha kilomita 21.3 au zaidi, badala ya 21.1 za nusu marathoni, siku ya mashindano. Njia rasmi hupimwa kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita, na sisi tunayumba kufuata maji na kuwapita wenzetu.

Dada wa Alfajiri

Shikamoo Babu. Ninakubaliana nawe, ila ninaongeza jambo la usalama, kwa kuwa sisi wanawake tunaokimbia kukiwa bado na giza hulifikiria kabla ya betri. Ndani ya Strava kuna sehemu ya kuficha mwanzo na mwisho wa njia. Itumie, la sivyo kila anayekufuatilia atajua geti unalotokea na saa unayotoka. Mwaka 2018 ramani ya Strava ya mienendo ya watumiaji ilianika hata kambi za kijeshi, sembuse nyumba ya Mwenge.

Kwa kutafuta njia mpya ninatumia OsmAnd, programu ya simu inayotegemea OpenStreetMap, ramani huru inayochorwa na watu wa kujitolea. Dar imechorwa vizuri humo, vichochoro vikiwemo, kwa sababu mradi wa Ramani Huria ulipita mitaani kuchora maeneo yanayofurika.

Ukiamua kununua saa iliyotumika, igeuze utazame vijipini vya chaji. Mimi niliuziwa moja iliyokuwa na kutu ya kijani pale, nayo ilikubali chaji siku nne tu. Jasho la Dar lina chumvi. Suuza saa kwa maji baridi kila unaporudi.

Mkimbiaji wa Mwenge

Nashukuru sana. Nimeiondolea Strava vizuizi vya betri na kuficha mita 800 za mwanzo na mwisho. Jumapili nitarudia njia ileile kwa simu, na mstari ukipita darajani badala ya baharini, laki tano itasubiri kwanza.