Kuhesabu malalamiko ya bima ya afya Marekani: gharama ni ya nani?

Karani wa Bima: Tangu sheria ya McCarran-Ferguson ya 1945, usimamizi wa bima Marekani ni kazi ya majimbo. Ukija muswada wa kuzitaka kampuni za bima ya afya ziwasilishe malalamiko yote zinayopokea, si yale tu yanayofikishwa kwenye idara ya bima ya jimbo, utasikia kwamba hazina ya jimbo itaumia. Sikubali. Tuseme jimbo lina kampuni 30 na taarifa ni kila robo mwaka: mafaili 120, kila moja siku moja ya kukagua. Mtumishi, ukitoa likizo na sikukuu, ana siku kama 220 za kazi. Huyo mmoja tu anatosha, tena anabaki na nafasi.

Kikokotoo: Ndugu Karani, hayo ni mafaili yanayokuja yakiwa safi. Rudisha theluthi moja kwa makosa, kila moja ile siku tatu za barua na simu: siku 120 nyingine, na mtu wako ameshazidiwa. Makosa yenyewe ni yale yale. Lalamiko moja linaandikwa mara mbili kwa kuwa lilianza kwa simu likaja tena kwa barua pepe. Kampuni hii inahesabu rufaa ya matibabu kuwa lalamiko, ile haihesabu. Mgonjwa kakasirikia hospitali, kaandikiwa bima. Halafu kuna kurekebisha mfumo wa kompyuta, gharama ya mara moja inayoangukia yote mwaka wa kwanza.

Mtu wa Rufaa: Wakuu, mnabishana siku za karani wakati bei ya muswada imo kwenye neno moja: lalamiko. Sheria ya mfano ya NAIC, chama cha wasimamizi wa bima wa majimbo, yaani kielelezo cha kuigwa na majimbo, tayari inataka kila kampuni itunze daftari: idadi, aina ya bima, kiini cha lalamiko, lilivyomalizika, muda uliotumika. Ila lalamiko humo ni la maandishi. Mtu akipiga simu akafoka dakika 40, kwa daftari hilo hajalalamika! Muswada ukinakili fasili hiyo utakuwa rahisi, maana daftari lipo, na hautaonyesha jipya. Ukiingiza simu, lazima idara iseme ipi ni swali na ipi ni lalamiko, kisha iwe na mkaguzi wa kusikiliza sampuli ya simu zilizorekodiwa. Bila huyo, kampuni inayohesabu kwa uaminifu ndiyo itakayoonekana mbovu.

Karani wa Bima: Katika majimbo mengi mkaguzi huyo hulipwa na kampuni inayokaguliwa. Na idara nyingi huendeshwa kwa tozo za kampuni, si kwa kodi ya kawaida.

Kikokotoo: Tozo ambayo mwisho wake inamfikia mwanachama. Sheria ya afya ya 2010 inataka angalau 80% ya ada iende kwenye matibabu na kuboresha huduma, 85% kwa makundi makubwa. Lakini tozo za usimamizi huondolewa kwenye ada kabla ya kupiga asilimia hiyo, kwa hiyo hazibani fungu la kampuni la uendeshaji. Kinacholibana ni mishahara ya wafanyakazi wake wa kupokea na kuainisha malalamiko. Ndiyo maana hawapigi kelele kuhusu tozo, wanapiga kelele kuhusu kuhesabu simu.

Mtu wa Rufaa: Hapo sawa. Sasa jamani, ili kulinganisha kampuni, malalamiko mnayagawa kwa kitu gani? Kipimo cha NAIC huchukua sehemu ya kampuni katika malalamiko yote na kuigawa kwa sehemu yake katika ada zote. Kampuni yenye 0.1% ya ada, katika jimbo lenye malalamiko 2,000, inatarajiwa kupata mawili. Ikipata manne, kipimo ni 2, mara mbili ya kawaida, kwa watu wawili tu! Ukigawa kwa wanachama badala ya ada, chunga mipango ambayo mwajiri analipia matibabu mwenyewe na kampuni inaiendesha tu. ERISA, sheria ya shirikisho ya 1974 kuhusu mafao ya wafanyakazi, inaitoa mikononi mwa jimbo. Kampuni ikichanganya wanachama hao bila malalamiko yao, kipimo kinashuka bila kazi yoyote.

Karani wa Bima: Basi taarifa iwe mara moja kwa mwaka, mafaili 30. Fedha inayobaki imlipe msikilizaji wa simu, na wanachama wa mipango ya waajiri wawe na safu yao peke yao.

Kikokotoo: Mara moja kwa mwaka nakubali. Safu hiyo andikeni ndani ya sheria yenyewe, msiiachie kanuni.