Dawa ya upara na macho kuvimba, kuna mwenye amepitia hii?

mtuwanaks: Wasee niko Nakuru hapa, nimepaka minoksidili asilimia 5 kama miezi miwili, kinyozi hata anasema vinyweleo vinachomoza, shida kila asubuhi naamka macho yamevimba kama nimelia usiku kucha, la kushoto linawasha, halafu jana nikisoma menyu ya kibanda herufi zilikuwa na ukungu. Ni dawa ama ni vumbi tu?

nyarkisumu: Pole. Unapaka saa ngapi? Mimi nilikuwa napaka nikirukia kitandani, dawa inaingia kwa mto, mto unasugua macho, na ile ya maji ina spiriti so inachoma. Siku hizi napaka saa moja jioni, nanawa mikono, nikilala imekauka.

chemistmsee: Hiyo kitu ilianza kama tembe ya presha, Marekani waliikubali 1979. Inapanua mishipa na mwili unaweza kushika maji, ndio uso unafura. Mililita 1 mara mbili kwa siku, usizidishe. Kuvimba ni kitu moja lakini ukungu ni ingine, kuna watu wachache wameripotiwa maji kujikusanya chini ya retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) wakiitumia, ingawa haijathibitishwa ni dawa ilileta. Wacha kupaka kwanza uone daktari wa macho, hata hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga wanaangalia. Moyo ukidunda mbio ama miguu ifure, usingoje kesho.

mtuwanaks: Haki nimeangalia foronya, ina doa la manjano upande wa kushoto. Nimewacha. Jumatatu naenda kupimwa, nywele zingoje.